Sigara za magendo na bandia mtaani: namna ya kuzikatia njia

Muuza sigara za magendo mara nyingi haogopwi mtaani. Anapendwa. Bei yake iko chini, anakopesha hadi mwisho wa mwezi, anafungua mlango saa ambazo maduka yameshafungwa, na hamuulizi mtu umri. Wengi wanamwona kama mkombozi wa mwenye kipato kidogo, na anayemchongea ndiye anayeitwa msaliti. Ugumu wa kazi hii uko hapo. Forodha wanaweza kukamata kontena bandarini na polisi wakavamia stoo, lakini kama mtaa wenyewe unaiona biashara hiyo kuwa ni msaada, mzigo mwingine utaingia kabla wino wa ripoti haujakauka.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wakazi: wazazi, walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa mtaa na wenye maduka wanaolipa kodi. Si mwongozo wa upelelezi. Kukamata kuna wenyewe. Kazi yenu ni kuinyima biashara hii vitu vitatu inavyovitegemea: wateja wasiouliza, maficho na ukimya wa majirani.

Hatua ya kwanza: jueni mnakabiliana na bidhaa gani

Mitaani kila kitu huitwa "sigara feki", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu nyingi si feki hata kidogo.

Sigara bandia ni ile iliyoigwa: mtu amechukua jina na nembo ya kampuni inayojulikana akaichapa kwenye pakiti zake. Sigara ya magendo inaweza kuwa halisi kabisa, imetoka kiwanda kile kile, ila imepitishwa njia za panya bila kulipiwa ushuru, au ilitangazwa kuwa inapita tu kuelekea nchi nyingine kisha ikashushwa njiani. Kuna kundi la tatu ambalo watu wengi hawalijui: sigara zinazotengenezwa kwenye kiwanda chenye leseni katika nchi fulani, lakini lengo tangu mwanzo ni kuzipenyeza nchi ambako hazina soko rasmi. Jina lake hutalikuta kwenye tangazo wala kwenye duka la jumla linalojulikana. Utalikuta kwa wauzaji wa vichochoroni peke yao. Na lipo kundi la nne, ambalo halivuki mpaka wowote: kiwanda cha ndani kinachotangaza sehemu tu ya kinachozalisha, zamu ya usiku ikawa haimo vitabuni. Ongezeni hapo tumbaku ya kusokota inayouzwa kwenye mifuko ya plastiki isiyo na jina wala onyo.

Kutofautisha kuna faida yake. Mkiwaambia watu kwamba sigara za fulani ni feki, na mvutaji anajua ladha yake ni ile ile ya siku zote kwa sababu kweli ni halisi isiyolipiwa ushuru, mmeshapoteza hoja na heshima kwa pamoja.

Jueni pia ukubwa wa fedha iliyomo. Boksi moja kubwa la kusafirishia hubeba sigara 10,000, na kontena la futi 40 hubeba takriban milioni 10. Ushuru ukiwa ndio sehemu kubwa ya bei ya pakiti, anayefanikiwa kupitisha kontena moja tu bila kulipa amepata utajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu sigara moja kati ya kumi duniani haikupita njia halali. Kwa hiyo yule kijana mwenye begi mgongoni ni mwisho wa mnyororo mrefu, naye ndiye anayekamatwa kwa urahisi kuliko wote. Dagaa wanavuliwa, papa wanaogelea. Kila mtakachofanya, kifanyeni kwa namna inayosaidia wenye mamlaka ya kukamata kupanda ngazi kutoka kwa kijana huyo kwenda juu.

Hatua ya pili: chagueni mtakachosema

Hapa vikundi vingi huteleza. Jambo la kwanza linalowajia mdomoni ni kwamba sigara bandia zina sumu. Ni kweli vipimo vya maabara vimewahi kukuta metali zenye sumu, risasi na kadimiamu, kwa viwango vya juu zaidi kwenye sigara bandia kuliko zile halisi. Lakini msikilizaji anasikia nini? Anasikia kwamba zile za dukani ni salama. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na wengi wao walivuta sigara zilizolipiwa kodi, zenye stempu na onyo. Kwa hiyo habari ya sumu itumieni kwa tahadhari, na kila mkiisema ongezeeni papo hapo kwamba hakuna sigara salama.

Kinachogusa watu zaidi ni watoto. Mwenye duka halali ana leseni ya kupoteza. Akimuuzia mtoto anajua kuna mkaguzi. Anayeuzia mlangoni hana cha kupoteza. Anauza moja moja, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu kwa hela ya nauli. Mzazi anayevuta mwenyewe, na ambaye hatakubali kuambiwa aache, hukubaliana nanyi mara moja juu ya hilo. Anzieni hapo.

Hoja ya pili ni kodi, na hii inahitaji maandalizi kwa sababu mtajibiwa. Bei ndiyo silaha kubwa kuliko zote dhidi ya uvutaji: bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na karibu asilimia 5 katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Pakiti ya magendo inafuta kazi yote hiyo. Sasa mtaambiwa, "Basi serikali ipunguze kodi, magendo yataisha yenyewe." Linasikika kama jambo la akili. Lakini Uingereza mwaka 2000, wakati karibu moja ya tano ya sigara zilizovutwa huko zilikuwa za magendo, haikupunguza kodi. Iliweka mkakati wa kitaifa: maofisa zaidi, mashine za kuchunguza mizigo, adhabu kali na masharti kwa watengenezaji. Kodi ikaendelea kupanda, na sehemu ya magendo katika soko ikashuka hadi karibu nusu ya ilivyokuwa. Yapo pia mataifa yenye kodi ndogo ya tumbaku yaliyojaa magendo. Mpaka unaovuja, ofisa anayehongeka na adhabu isiyouma vina nguvu kuliko kiwango cha kodi.

Liko na suala la moto, fupi lakini lina uzito kwa wanaoishi nyumba zilizobanana. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2011 zinataka sigara zitengenezwe kwa karatasi inayojizima isipovutwa. Za magendo mara nyingi hazina karatasi hiyo. Ikimponyoka mtu usingizini inaendelea kuwaka.

Hatua ya tatu: tafuteni wenzenu, na mjue nani asikae mezani

Kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 2000, watu wa afya, forodha, wakaguzi wa biashara na polisi walianza kufanya kazi hii kama mpango mmoja wa pamoja badala ya kila ofisi kukaa na faili lake. Funzo lake ni dogo na linafaa popote: anayeona bidhaa si yule mwenye mamlaka ya kuikamata, na mwenye mamlaka haoni. Mwuguzi anasikia kwa mgonjwa, mwalimu anaona vipande vya sigara nyuma ya vyoo vya shule, ofisa wa mapato anazo namba za mauzo ya jumla yaliyoshuka ghafla eneo fulani.

Nendeni ofisi ya mamlaka ya mapato au forodha mkaombe jambo moja tu kwa kuanzia: jina la cheo na namba ya mtu mmoja atakayepokea taarifa zenu. Mtu mmoja anayepokea simu ni bora kuliko kamati ya watu kumi na wawili inayokutana kwa posho. Ulizeni vilevile kama nchi yenu imeridhia Itifaki ya Kuondoa Biashara Haramu ya Bidhaa za Tumbaku, iliyopitishwa Seoul mwaka 2012 na kuanza kutumika tarehe 25 Septemba 2018. Kama imeridhia, serikali imejifunga kuweka leseni kwa watengenezaji, mfumo wa kufuatilia kila pakiti kwa alama ya pekee, na udhibiti wa maeneo huru ya biashara, yaani yale ambako bidhaa huingia bila kutozwa ushuru. Mkilijua hilo, mnapoingia ofisini hamwendi kuomba hisani, mnakumbusha ahadi.

Sasa suala la fedha. Mkianza kusikika, kuna uwezekano mkubwa kampuni ya sigara, au chama kinachofadhiliwa nayo, ikaja kuwapa fulana, mabango na semina. Wana haki ya kukereka na bidhaa za bandia. Lakini historia yao katika jambo hili si safi. Mwaka 2004 kampuni ya sigara ya Philip Morris ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kulipa dola bilioni 1.25 kwa miaka 12, makubaliano yaliyomaliza mgogoro wa kisheria kuhusu magendo. Mwaka 2008 kampuni mbili kubwa za sigara nchini Kanada zilikiri makosa katika kesi iliyotokana na magendo ya miaka ya 1990, na zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja za huko kwa faini na fidia. Ibara ya 5.3 ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku inazitaka serikali zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya sekta hiyo. Kikundi cha mtaani hakibanwi na ibara hiyo, ila mimi ningesema kifuate vivyo hivyo. Taarifa zao mpokee kupitia serikali. Fulana zao waachieni.

Hatua ya nne: jifunzeni kusoma pakiti

Ombeni mkaguzi aje na pakiti mbili, moja halali na moja iliyokamatwa, mzishike kwa mikono. Picha ya kwenye simu haitoshi.

Anza na onyo la afya. Liko kwa lugha inayotakiwa na sheria ya nchi yenu? Picha ipo, na ukubwa wake ni ule wa kisheria? Pakiti yenye onyo la lugha ya nchi nyingine imekusudiwa kuuzwa nchi nyingine, hakuna maelezo marefu. Kisha stempu ya kodi. Angalia ilivyobandikwa: stempu nzuri hukaa mahali ambapo huwezi kufungua pakiti bila kuichana. Isugue kwa kidole kilicholowa kidogo. Rangi ikitoka, wasiwasi. Igeuzegeuze kwenye mwanga uone kama kuna sehemu inayobadilika rangi, ikiwa stempu za nchi yenu zina alama hiyo. Kama namba zake za siri zinasomeka kwa simu, zisome. Kenya ina programu ya Soma Label na Tanzania ina Hakiki Stempu, na nchi nyingine zina za kwao. Fanya hivyo kwa pakiti mbili au tatu kutoka boksi moja: mwigaji mvivu huchapa namba moja kwenye pakiti zote.

Halafu ganda lenyewe. Selofani ya kiwandani, ile karatasi ang'avu ya nje, imebana, mikunjo ya juu na chini inalingana, uzi wa kufungulia umenyooka. Ya bandia mara nyingine ina gundi iliyovuja pembeni, herufi zilizofifia, rangi iliyopauka kidogo, au neno lililokosewa. Ndani, tumbaku inapukutika ukiigongesha sigara kwenye kiganja. Lakini nisiwadanganye: waigaji wa siku hizi wana mitambo, na bandia nzuri inaweza kumpita hata muuzaji mzoefu. Uamuzi wa mwisho ni wa maabara na mtengenezaji, si wenu. Msimwambie mtu hadharani kwamba anauza bandia kwa sababu gundi imevuja.

Kipimo kikali kuliko vyote hakihitaji macho makali. Ulizeni mamlaka ya mapato ushuru wa pakiti moja ya sigara 20 ni kiasi gani, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Pakiti ikiuzwa chini ya kiasi hicho, haikulipiwa. Hakuna mfanyabiashara anayelipa kodi kisha akauza kwa bei isiyofika hata hiyo kodi. Namba hiyo kila mwanakikundi aijue kwa kichwa.

Kuna kichaka kimoja ambacho pakiti hujificha: uuzaji wa sigara moja moja. Mteja haioni pakiti, haoni stempu wala onyo. Muuzaji anaweza kujaza za magendo kwenye pakiti tupu yenye stempu halali na kuirudia wiki nzima. Ukiona pakiti kaunta imechakaa kingo, mfuniko umelegea, na bado haijaisha, hiyo ni dalili. Pale ambapo sheria inakataza kuuza moja moja, kusimamia katazo hilo peke yake kunalitoa soko la magendo kivulini.

Hatua ya tano: angalieni bila kupeleleza

Hii ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kuumia, kwa hiyo masharti yake yasilegezwe. Msimfuate mtu. Msipige picha. Msiingie kwenye stoo ya mtu wala kufungua gari la mtu. Msinunue ili "kuthibitisha", maana kwanza mnaiongezea biashara mtaji, na pili katika nchi nyingi kumiliki bidhaa isiyolipiwa ushuru ni kosa. Msimtume mtoto kununua, hata kama mnadhani ni njia rahisi ya kumnasa muuzaji. Majaribio ya aina hiyo hufanywa na mamlaka yenyewe kwa utaratibu wa kisheria.

Kinachobaki ni kile ambacho mtu anakiona akiwa kwenye shughuli zake za kila siku, na si kidogo. Mzigo unashushwa siku gani, saa ngapi? Muuzaji anatoa sigara mfukoni, chini ya kaunta, au anamtuma mtu nje? Hilo la mwisho lina maana kubwa. Wauzaji wazoefu hawaweki mzigo dukani. Wanauweka kwenye gari lililoegeshwa jirani, kwenye chumba cha juu, nyuma ya ukuta wa uongo unaofunguka kwa sumaku, chini ya sakafu, ndani ya tangi la maji lisilo na maji. Wakaguzi wakija bila kujua hilo wanaondoka na pakiti tatu na aibu, hata kama wamekuja na mbwa wa kunusa. Jirani anayeona kila siku kijana akitoka dukani mikono mitupu na kurudi na mfuko ameshajua ambacho mkaguzi hajui.

Hatua ya sita: andikeni dokezo linalofanyiwa kazi

Ofisi hupokea madokezo mengi yasiyo na mshiko. Tazameni hili:

"Kuna mtu karibu na stendi anauza sigara feki. Tumechoka. Fanyeni kitu."

Afisa atafanya nini na hilo? Sasa hili la pili, la kubuni lakini ndivyo zuri linavyokuwa:

"Duka lenye geti la bluu, nyuma ya gereji, wanauzia mlango wa pembeni. Pakiti nyekundu, onyo lake ni la lugha ya kigeni, halina stempu. Dukani huwekwa pakiti mbili tatu. Mtu akitaka katoni, kijana hutoka kwenda kwenye gari dogo jeupe lililo upande wa pili wa barabara, haliondoki mchana kutwa. Mzigo huja Alhamisi baada ya magharibi. La gari nimeliona mwenyewe. La Alhamisi nimelisikia kwa mtu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye thamani kuliko zote. Kutenganisha ulichoona na ulichosikia humwezesha afisa kuomba kibali cha upekuzi bila kuaibika mbele ya hakimu. Andikeni mahali, bidhaa, mtindo wa kuuza, siku na saa, maficho. Yaacheni majina ya watu msiowajua kwa hakika, na msiongeze chumvi. Dokezo lenye uongo mmoja hufanya mengine kumi yatiliwe shaka.

Tumieni njia isiyotaja jina: namba ya simu ya bure, kisanduku, au mtu yule mmoja mliyepewa hatua ya tatu. Kikundi cha simu cha mtaa si mahali pake. Taarifa ikishaingia kwenye kikundi cha watu mia mbili, mwenye duka ataipata kabla ya polisi, na ataijua sauti ya aliyeituma. Na kama taarifa zenu zinavuja kutoka ofisini, yaani mnapiga simu asubuhi na jioni mzigo umehamishwa, acheni kutumia njia hiyo mara moja. Pelekeni habari ngazi ya juu au kwenye chombo cha kupambana na rushwa, mkieleza tarehe za kupiga na tarehe za kuhama kwa mzigo. Magendo mengi yana mlinzi mwenye sare.

Baada ya kutuma, pengine mtakaa wiki nyingi bila kuona kitu. Hiyo haimaanishi mmepuuzwa. Huenda wanamsubiri aliye juu ya huyo muuzaji. Lakini mna haki ya kuuliza kama taarifa imepokelewa, na afisa mwenye busara atawajibu hata kwa neno moja, kwa sababu anajua watu wasiojibiwa huacha kusema.

La kusisitiza: msichukue sheria mkononi. Kumzonga muuzaji, kumchomea kibanda, kumwanika mtandaoni, yote hayo yanageuza kesi yake kuwa kesi yenu.

Hatua ya saba: mpeni mwenye duka mlango wa kutokea

Wenye maduka wadogo wengi hawakuanza kwa kutaka. Alikuja mtu na katoni kwa bei nzuri, jirani akachukua, na aliyekataa akaona wateja wanahamia kwa jirani. Zungumzeni nao kabla ya upekuzi wowote, wote kwa pamoja, bila kumlenga mmoja. Waelezeni wanachohatarisha: mzigo kutaifishwa, faini, leseni. Wapeni maswali matatu ya kumuuliza msambazaji yeyote mgeni: leseni yako iko wapi, risiti ya kodi iko wapi, kwa nini unataka taslimu tu? Msambazaji wa magendo hukimbia swali la pili.

Kisha nendeni kwa wenye majengo. Hii ni njia iliyosahaulika mno. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya pango kutoka kwenye stoo ya magendo ana mengi ya kupoteza kuliko mpangaji wake, na barua ya heshima kutoka kwa viongozi wa mtaa, ikimkumbusha kwamba jengo lake linaweza kufungwa au kuwekwa kizuizini, hufanya kazi ambayo upekuzi mara tatu haukuifanya. Mikataba mipya ya upangaji iwe na kifungu kinachokataza kuhifadhi bidhaa zisizolipiwa ushuru.

Hatua ya nane: msimwache mvutaji

Bei ikipanda ghafla kwa sababu za rahisi zimekatika, wapo watakaotaka kuacha, na watataka siku hiyo hiyo. Kituo cha afya kiwe tayari: ushauri mfupi wa dakika chache kutoka kwa mhudumu tayari unasaidia, na pale penye vibandiko au ubani wa kutafuna wenye nikotini unasaidia zaidi. Kampeni inayokamata muuzaji tu na kumsahau mteja inamtafutia muuzaji mwingine kazi. Na msimtaje mvutaji kama mhalifu. Mkimdharau, hatawaambia alikonunua.

Hatua ya tisa: baada ya kukamatwa

Siku ya upekuzi kila mtu hufurahi. Kazi iko kwenye miezi inayofuata.

Ulizeni mzigo uliokamatwa umekwenda wapi. Itifaki inataka uteketezwe kwa njia isiyoharibu mazingira kadiri inavyowezekana, au uondolewe kwa mujibu wa sheria ya nchi; ukiteketezwa, ombeni wawakilishi wa wakazi washuhudie. Sigara zilizokamatwa na kurudi sokoni kupitia mlango wa nyuma ni hadithi ya zamani. Ulizeni pia kesi iko mahakama gani. Faini ikiwa ndogo kuliko faida ya wiki moja, mshitakiwa huilipa kama gharama ya biashara. Mahali ambapo sheria inaruhusu, mwendesha mashitaka anaweza kuwasilisha maelezo ya jamii kuhusu madhara yaliyotokea. Mwalimu mkuu akieleza jinsi duka hilo lilivyokuwa likiwauzia wanafunzi, hakimu anaona kitu kipana kuliko hesabu ya kodi iliyopotea.

Mtaani, tangazeni matokeo yaliyothibitishwa na mamlaka, bila jina la mtoa taarifa na bila kumhukumu ambaye hajahukumiwa. Watu wakiona kwamba kusema kulileta jambo, simu ya pili huja yenyewe.

Hatua ya kumi: pimeni kwa bei

Idadi ya katoni zilizokamatwa haisemi kitu peke yake. Zinaweza kuwa nyingi kwa sababu mnafanya vizuri au kwa sababu mzigo umeongezeka. Kipimo cha uhakika zaidi kwa mtaa ni bei ya pakiti isiyo na stempu, na bei ya sigara moja. Wavutaji wanaijua, na wakiwaamini watawaambia. Iandikeni kila mwezi kwenye daftari moja, pamoja na maeneo inakopatikana na jina la chapa. Bei ikikaribia ile ya halali, mzigo umepungua. Chapa mpya ikitokea, mnyororo mpya umefunguka, mwambieni yule mtu wenu wiki hiyo hiyo. Okoteni pia pakiti tupu zilizotupwa sehemu zile zile, tarehe zile zile, mhesabu ngapi hazina stempu halali. Watafiti hutumia njia hiyo hiyo, na haimhatarishi mtu.

Afisa mliyemzoea atahamishwa siku moja. Siku hiyo afisa mpya atakuwa hajui chochote kuhusu geti la bluu wala gari jeupe. Mpelekeeni nakala ya daftari katika wiki yake ya kwanza, kabla wengine hawajaenda kumsalimia.